Alma Thomas: Mwalimu mstaafu aliyechora mwanga wa dirishani hadi Ikulu

Ukikutana na mchoro usio na mtu, usio na nyumba wala mti, ni rangi tu zimepangwa, swali la kwanza huwa moja: kwani hii ni picha ya nini? La pili hufuata mbio: si hata mimi naweza kuchora hii?

Usione haya. Karibu kila mtu huuliza hivyo, na wengi wanaonyamaza wananyamaza tu ili waonekane wasomi. Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo sikuandikii hapa kama profesa wa sanaa. Nataka tu tuchukue mchoro mmoja wa aina hiyo tuuulize swali hilohilo bila mzaha. Jibu lake ni maisha ya mwanamke mmoja, na wewe uliye na miaka ishirini na kitu, unayehisi kama umechelewa kwa kila jambo, hii hadithi inakuhusu.

Mchoro wenyewe unaitwa Resurrection, yaani Ufufuo. Ni wa mraba, kila upande kama sentimita 91. Ndani yake kuna mviringo ndani ya mviringo ndani ya mviringo mwingine, kama mawimbi ya bwawa baada ya kurushiwa jiwe. Kila mviringo umejengwa kwa vipande vifupi vya rangi, kimoja baada ya kingine, na katikati ya vipande hivyo weupe unachungulia. Ulichorwa mwaka 1966 kwa rangi za akriliki na penseli. Mwaka 2015 ulitundikwa kwenye chumba cha zamani cha kulia cha familia katika Ikulu ya Marekani, White House, enzi za Barack na Michelle Obama. Ndio uliokuwa mchoro wa kwanza wa mwanamke Mweusi wa Marekani kuingia katika mkusanyiko wa kudumu wa Ikulu hiyo.

Aliyeuchora hakuwepo kushuhudia. Alma Woodsey Thomas alikuwa amefariki miaka 37 kabla ya hapo. Na alipouchora alikuwa anakaribia miaka 75, amestaafu ualimu, viungo vinamuuma. Sasa hebu turudi nyuma tuone alifikaje hapo.

Mchanga wa Georgia

Alma alizaliwa Septemba 22, 1891, katika mji wa Columbus, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa wa kwanza kati ya wasichana wanne. Baba alikuwa mfanyabiashara, mama alikuwa fundi wa nguo aliyebuni magauni mwenyewe. Kwa hivyo rangi na vitambaa aliviona nyumbani kabla hajaviona popote pengine. Alikuwa pia mtoto wa kuchezea udongo, anafinyanga vikombe na sahani kwa udongo wa kijito.

Familia haikuwa ya kuomba omba. Lakini ngozi ilikuwa ngozi. Katika mji ule Mweusi hakuruhusiwa kuingia maktaba ya umma kusoma. Ukimwona Mweusi mle ndani, basi ameshika ndoo na kitambaa cha kupigia deki. Mwaka 1906 makundi ya Wazungu yaliwavamia na kuwaua Weusi katika jiji la Atlanta, jimbo hilohilo. Wazazi wa Alma waliona hakuna haja ya kungoja moto ufike mlangoni. Halafu kulikuwa na suala la shule: kwa mtoto Mweusi wa Columbus aliyetaka kusoma hadi juu, hakukuwa na pa kwenda.

Mwaka 1907 wakahamia Washington. Inasimuliwa kwamba walipokaribia kuvuka mto Potomac, wasichana waliambiwa wavue viatu na kukung'uta mchanga wote wa Georgia, wasiingie nao mji mpya. Fikiria hilo, msichana wa miaka 15 anaambiwa aache hata vumbi la alikozaliwa.

Washington yenyewe haikuwa mbinguni. Shule za Weusi zilikuwa kando, za Wazungu kando. Ila shule za Weusi za mji huo zilikuwa nzuri kuliko nyingi nchini humo, na familia ilipata nyumba katika barabara ya 15, upande wa kaskazini magharibi. Iweke nyumba hiyo akilini. Alma aliishi ndani yake, ukiondoa miaka michache, mpaka mwisho wa maisha yake. Miaka 70 ukutani humo. Na dirisha lake tutarudi kulitazama.

Msichana aliyetaka kujenga madaraja

Katika sekondari ya ufundi ya Armstrong, Alma aliingia darasa la sanaa kwa mara ya kwanza, na akahisi amefika nyumbani. Lakini ndoto yake haikuwa uchoraji. Alipenda hesabu, alipenda michoro ya majengo, alitaka kuwa msanifu majengo. Mwanzoni mwa karne ya 20, msichana, tena Mweusi? Mlango huo haukuwepo hata wa kubisha.

Basi akafanya kile wasichana wengi Weusi wenye akili walichoruhusiwa kufanya. Akasomea ualimu, akaenda mji wa Wilmington, jimbo la Delaware, akafundisha watoto wadogo kwa karibu miaka sita.

Mwaka 1921, akikaribia miaka 30, aliingia Chuo Kikuu cha Howard, chuo maarufu cha Weusi pale Washington. Alienda kusomea sayansi ya nyumbani, akilenga kubuni mavazi ya michezo ya kuigiza. Hapo akakutana na mwalimu aitwaye James V. Herring, aliyekuwa ndiyo anaanzisha idara ya sanaa na anatafuta wanafunzi. Herring aliona kazi zake akamvuta upande wake. Mwaka 1924 Alma akawa mtu wa kwanza kabisa kuhitimu katika idara hiyo.

Ungedhani hadithi inaishia hapo, ati msanii amezaliwa, sasa ni umaarufu tu. Wapi! Baada ya hapo alipotelea darasani kwa miaka 35.

Chaki na vikaragosi

Nimeliweka neno kupotelea makusudi, manake ndivyo tunavyohesabu siku hizi. Kama hujatoboa kufikia miaka 25, watu wanakuhesabu umepotea. Alma alianza kufundisha sanaa katika shule ya Shaw, pale Washington, katikati ya miaka ya 1920, na akabaki hapo hadi 1960. Wanafunzi wanakuja, wanamaliza, wanaoa na kuolewa, wanaleta watoto wao shuleni, yeye bado yupo.

Lakini tazama alichokuwa akikifanya mle ndani. Alitengeneza na watoto vikaragosi vya kuchezeshwa kwa nyuzi. Katika likizo za kiangazi alisafiri hadi New York kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya uzamili mwaka 1934. Alianzisha maonyesho ya kazi za sanaa ndani ya shule, ili mtoto Mweusi aone mchoro halisi ukutani badala ya picha ya kitabuni. Yule msichana aliyefungiwa maktaba Columbus sasa alikuwa anafungua milango aliyoweza kuifungua.

Mwaka 1943 Herring, yule mwalimu wake wa zamani, pamoja na Alonzo Aden walifungua ukumbi wa sanaa ndani ya nyumba yao, ukaitwa Barnett-Aden. Ulikuwa miongoni mwa kumbi za kwanza za sanaa nchini humo kumilikiwa na Weusi, na ulionyesha kazi za Weusi na Wazungu pamoja katika mji ambao mikahawa mingi ilikuwa bado inawatenganisha. Alma alikuwa makamu wa rais wa ukumbi huo. Kwa maneno mengine, hata wakati dunia haikumjua kama mchoraji, alikuwa anakaa na wachoraji na anaona kilichokuwa kikichorwa.

Halafu mwaka 1950, akiwa karibu na miaka 60, mama huyu anarudi tena darasani, safari hii kama mwanafunzi. Kwa miaka 10 alisoma uchoraji katika American University, akiiba saa kutoka kwa kazi yake ya kila siku. Alianza na michoro ya vitu mezani: chupa, matunda, maua kwenye chombo. Polepole vitu vikaanza kuyeyuka. Chupa ikawa umbo la bluu, ua likawa doa jekundu. Kufikia mwisho wa muongo huo alikuwa amevuka upande wa sanaa dhahania, ile sanaa isiyoiga sura ya kitu.

Mwaka 1960 alistaafu. Miaka 68, hajaolewa, hana mtoto, anaishi na dada yake katika nyumba ileile. Kwa mara ya kwanza maishani mwake siku nzima ni yake.

Rangi iliyochelewa kama yeye

Hapa kuna jambo dogo ambalo mimi lilinikamata. Rangi ya akriliki yenyewe ilikuwa mpya.

Kwa karne nyingi wachoraji wa kanvasi walitumia rangi za mafuta. Rangi ya mafuta ni tamu lakini ina taratibu zake: inakauka kwa siku, wakati mwingine wiki, na brashi zake husafishwa kwa tapentaini yenye harufu kali. Akriliki ni tofauti. Ni unga wa rangi uliochanganywa na chembe ndogondogo za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Ukipaka, maji yanakauka, zile chembe zinashikana na kuwa ngozi moja ngumu inayonyumbulika. Dakika chache tu, imekauka. Ukitaka kuiosha brashi kabla haijakauka, ni maji ya bomba basi.

Akriliki za wasanii zinazochanganywa na maji zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1950. Piga hesabu. Alma alipohitimu Howard mwaka 1924, rangi ambayo ingemfanya ajulikane haikuwa dukani. Alipofikisha miaka 50 bado haikuwepo. Ilifika alipokuwa na miaka sitini na kitu, anajiandaa kustaafu. Kwa hivyo tunaposema alichelewa, tujiulize vizuri: alichelewa nini hasa?

Tena rangi hii ilimfaa kwa maisha yake yalivyokuwa. Hakuwa na karakana kubwa ya msanii. Alichorea nyumbani, katika nafasi finyu, mahali ambapo watu walikula na kupokea wageni. Rangi inayokauka haraka, isiyojaza nyumba harufu, ilimruhusu kupaka kipande kimoja na kusogea kwa kingine bila rangi kuchafuana.

Maandamano na mchoro wenye jina la Kiswahili

Agosti 1963 watu wapatao 250,000 waliandamana Washington kudai haki za Weusi. Alma alikuwa mmoja wao, miaka 71, miguuni. Baadaye aliyachora maandamano hayo: umati uliokuwa madoa ya rangi, mabango yakielea juu ya vichwa.

Angeweza kubaki hapo. Wengi walitaka abaki hapo. Kadiri miaka ya 1960 ilivyosonga, sauti zilikuwa zinapaa kwamba msanii Mweusi ana wajibu wa kuchora mateso ya watu wake, kwamba rangi nzuri wakati vijana wanapigwa na polisi ni usaliti. Swali hilo halikuwa la mchezo, na hata leo halijaisha. Ukiwa msanii kutoka jamii inayoumia, je, una ruhusa ya kuchora maua?

Alma alijibu kwa kazi. Watu wakatoweka kwenye kanvasi zake. Alichagua rangi, uzuri na furaha, akasema wazi kwamba hakutaka kutumia muda wake kukodolea macho ukatili wa binadamu kwa binadamu. Unaweza kumkatalia, na wapo waliomkatalia. Lakini kumbuka ni nani aliyekuwa akisema hivyo. Ni mtu aliyekimbia Georgia akiwa msichana. Ubaguzi haukuwa habari aliyoisoma gazetini. Kumwambia mtu kama huyo kwamba furaha si mada yake ni kumfungia maktaba mara ya pili.

Mwaka huohuo wa 1963 alichora kazi nyingine ambayo sisi watu wa Kiswahili tunafaa kuitazama mara mbili. Inaitwa Watusi. Naam, Watusi, na wa- yake mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Marekani walikuwa na dansi iliyopewa jina hilo, lililotokana na Watutsi wa Rwanda na Burundi. Jina likasafiri kutoka Maziwa Makuu hadi kwenye kumbi za dansi za Marekani, na kutoka huko hadi kwenye kanvasi ya mwalimu mstaafu.

Mchoro huo wa akriliki ulikuwa pia mazungumzo na Henri Matisse, Mfaransa aliyekata karatasi zilizopakwa rangi na kuzibandika kuwa konokono mwaka 1953, wakati afya yake haikumruhusu tena kusimama mbele ya kanvasi. Alma alichukua maumbo yale, akayageuza upande, akayabadilisha rangi, akayapa jina la dansi. Mwaka 2009 mchoro huo ulikopeshwa Ikulu ya Obama, kisha ukarudishwa, maelezo yakiwa kwamba haukutoshea mahali ulipokusudiwa. Kelele mitandaoni zikawa kwamba aliiba kwa Matisse. Lakini kujifunza kwa kugeuza kazi ya aliyekutangulia ni jambo la kale kama sanaa yenyewe, na Alma hakuishia hapo. Watusi ilikuwa hatua. Kazi yake mwenyewe ilikuwa bado inakuja.

Dirisha

Katikati ya muongo huo ugonjwa wa viungo ulimbana vibaya. Kulikuwa na kipindi alikaribia kuacha kuchora kabisa. Mtu wa miaka 70 na kitu, vidole havikunjiki vizuri, nani angemlaumu?

Kisha Howard wakamwita. James A. Porter, mwanahistoria wa sanaa aliyeongoza idara ya sanaa pale, alitaka kuandaa maonyesho ya kazi zake mwaka 1966. Yalikuwa maonyesho ya kutazama nyuma, ya kumheshimu mzee. Wewe ungepeleka zile za zamani, upigiwe makofi, urudi nyumbani. Alma aliamua apeleke kitu ambacho hakijawahi kuonekana, hata yeye mwenyewe hajakiona.

Akaketi kwenye kiti chake sebuleni, akiangalia dirishani. Nje kulikuwa na mti wa holly, mti wenye majani magumu ya kung'aa ambayo hayapukutiki msimu wa baridi. Alikuwa ameuona mti huo kwa miaka mingi. Safari hii aliutazama kwa muda mrefu hadi akaacha kuona mti. Aliona jua likipenya katikati ya majani. Aliona upepo ukitikisa matawi, na kila yakitikisika mwanga unabadilisha umbo. Aliona madoa ya mwanga yakicheza ukutani na sakafuni.

Hapa ndipo lile swali letu la kwanza linapata jibu. Hii ni picha ya nini? Ukichora majani, shina na matawi, umechora mti. Lakini kilichomgusa Alma hakikuwa mti. Kilikuwa mwanga uliokatikakatika, mwendo wake, na weupe unaobaki katikati. Basi akauacha mti, akachora kilichobaki. Kila kipande cha rangi ni kama jani, na ule weupe unaochungulia kati ya vipande ni mwanga unaopenya. Sanaa dhahania ya namna hii ni kumenya: unatoa ganda, unatoa nyama, unabaki na kile kilichokufanya usimame kutazama.

Alichora mistari kwa penseli kwanza, imwongoze, kisha akapaka vipande kwa mkono mmoja baada ya mwingine. Ukitazama kwa karibu kazi zake, penseli bado unaiona. Hakuificha. Kingo za vipande hazijanyooka. Kimoja kirefu, kingine kifupi, hapa brashi imejaa, pale imekauka. Washington ya wakati huo ilikuwa na kundi la wachoraji wa rangi waliokuwa wakivuma. Morris Louis alimimina rangi nyepesi ikajipenyeza yenyewe kwenye kanvasi. Gene Davis alipiga mistari iliyonyooka kama reli. Alma anahesabiwa karibu nao, ila kwake unauona mkono. Mkono wa mtu mzee, unaouma, unaoweka kipande kimoja kwa wakati mmoja kwa sababu hivyo ndivyo unavyoweza.

Na sasa jina la mchoro ule linaeleweka. Ufufuo.

Mwezi, na mlango wa Whitney

Baada ya hapo hakushikika. Alichora bustani za Washington kana kwamba anaziona kutoka ndani ya ndege: safu za maua zikawa mistari ya rangi kutoka juu hadi chini. Mwaka 1969 watu walipotua mwezini, alichora safari hizo. Huyu alizaliwa enzi za mikokoteni ya farasi, kabla ndege ya kwanza haijaruka, sasa anafuatilia habari za mwezi kwenye televisheni. Katika Starry Night and the Astronauts ya 1972, kanvasi nzima ni vipande vya bluu za kila aina, na pembeni juu upande wa kulia pana kijipande tu cha nyekundu, machungwa na manjano. Hicho ndicho chombo chenye watu. Kidogo hivyo, katika bluu kubwa hivyo. Hakuchora uso hata mmoja, lakini upweke unauhisi.

Mwaka 1972 ukawa wa maajabu. Makavazi ya Whitney mjini New York yalimpa maonyesho ya peke yake, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo pale. Alikuwa na miaka 80.

Usidhani mlango ulijifungua wenyewe. Tangu 1968 wasanii Weusi walikuwa wakiandamana nje ya makavazi hayo wakiuliza kwa nini kazi zao hazimo. Mwaka 1971 baadhi yao waliondoa kazi zao katika maonyesho ya wasanii Weusi yaliyoandaliwa hapo, kwa sababu hawakuridhika na namna yalivyofanywa. Ni presha hiyo iliyosukuma mlango. Ndiyo maana mimi siamini ugomvi ule wa maua dhidi ya maandamano una mshindi mmoja. Waliobeba mabango walifungua mlango, na shosho aliyechora mwanga wa dirishani akaupitia akiwa na kazi ambayo hakuna aliyeweza kusema imeingia kwa huruma. Walihitajiana.

Miezi michache baadaye makavazi ya Corcoran, nyumbani kwake Washington, yakaandaa maonyesho makubwa zaidi ya kazi zake. Mtoto aliyezuiwa maktaba, sasa majina yake yako mlangoni.

Mwili haukumhurumia. Mwaka 1974 alianguka akavunjika nyonga, na kwa muda mrefu hakuweza kuchora. Aliporudi, alirudi na kazi kubwa kuliko zote. Mwaka 1976 alimaliza mchoro wa kanvasi tatu zilizounganishwa, upana wake karibu mita 4: vipande vyekundu juu ya weupe, vinarukaruka, vinasongamana, vinaachana. Aliuita kwa jina la maua mekundu yanayoimba na kucheza rokenroli. Miaka 84 huyo, bana.

Alifariki Februari 24, 1978, mjini Washington, akiwa na miaka 86. Mwaka 2019 mchoro wake mmoja wa mwaka 1970 uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Pesa hizo hakuzigusa, na sidhani ndizo kipimo.

Basi tufanyeje na hadithi hii?

Wacha nikuonye kuhusu njia moja rahisi ya kuisoma: ati usijali, utatoboa ukiwa mzee. Hapana. Wengi hawatoboi kamwe, na Alma mwenyewe hakungoja kitu. Ile miaka 35 ya darasani hakuwa ameketi. Likizo alisoma, brashi aliishika, maonyesho aliyaandaa. Nafasi ilipokuja ilimkuta mkono uko tayari na jicho limenolewa. Na nafasi yenyewe ililetwa na vitu ambavyo hakuviamuru: rangi mpya dukani, maandamano ya wenzake, mwaliko wa chuo chake.

Anachokupa ni kidogo kuliko ahadi, na ni imara zaidi. Kwamba huhitaji karakana, wala jiji jingine, wala ruhusa ya mtu kuhusu mada gani ni yako. Dirisha lile lilikuwa pale tangu 1907. Mti ulikuwa pale. Jua lilikuwa likipenya kila asubuhi, mwenye nyumba akikimbilia kazini. Kilichobadilika ni kwamba siku moja aliketi akatazama hadi mwisho.

Kwa hivyo siku nyingine ukikutana na mchoro wa rangi tupu, usiukimbie na wala usijifanye umeuelewa. Simama dakika mbili. Tafuta mkono ulipopita, uone ulipotetemeka na ulipojiamini. Kisha badala ya kuuliza ni picha ya nini, jaribu kuuliza aliyeuchora alikuwa akitazama nini, tena kwa muda gani. Ufufuo bado unatazamwa. Vipande vile vidogo havijachoka, na mwanga bado unapita katikati yake.